Safari ya Harusi ya Dan (Porojo Marufuku)

Alhamisi, 16 Desemba 2021

*Mama Zawadi amebadilisha jina la kikundi kutoka "Kamati ya Harusi ya Dan" kuwa "SAFARI. POROJO MARUFUKU"*

Mama Zawadi 19:04
Habari za jioni ukoo. Zimebaki siku sita turuke kwenda Marekani kwa harusi ya Dan. Leo hakuna mambo ya sare wala keki, ni makaratasi tu. Dan, andika yale uliyoniambia kwa simu. Polepole, kila mtu asome.

Dan 19:11
Haya. Mtu mzima ambaye si raia wa huku Marekani lazima awe amemaliza chanjo ya Korona, na siku 14 ziwe zimepita tangu sindano ya mwisho. Hiyo ilianza tarehe 8 Novemba.

Dan 19:13
Halafu kila mtu wa miaka miwili kwenda juu apimwe siku moja kabla ya ndege. Waliochanjwa walikuwa wanapewa siku tatu, wakaikata tarehe 6 mwezi huu kwa sababu ya hii Omicron. Watoto chini ya 18 hawadaiwi chanjo. Kipimo wanadaiwa.

Brenda 19:14
Kwa hivyo Zawadi na Imani wanapimwa, Jabali anaponea

Mama Zawadi 19:14
Jabali anafikisha miwili tarehe 23. Tunaruka 22. Ameponea kwa siku moja huyo 😅

Khotsa (Mjomba) Makokha 19:20
Nimesoma yote. Lakini kuna ujumbe nimeletewa kwamba AstraZeneca haitambuliki Marekani. Na dada yangu alidungwa hiyo hiyo. Msije mkamwaibisha mtu mzima uwanjani.

Brenda 19:21
Khotsa, ujumbe umeandikwa juu "umesambazwa mara nyingi". Hiyo peke yake inatosha 😂

Senje (Shangazi) Anjeline 19:32
Shemeji, huo ujumbe una nusu ya ukweli, na nusu ndiyo hupoteza watu. Wamarekani wenyewe hawaitumii AstraZeneca huko kwao. Lakini mlangoni wanakubali chanjo yoyote iliyo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, na hiyo imo. Hata ile ya Covishield, AstraZeneca ya India, iliyotufikia Machi imo. Mimi mwenyewe ndiyo niliyodungwa, na nimewadunga watu Kakamega hapa hadi mkono ukauma.

Khotsa Makokha 19:36
Asante. Na kadi ya manjano?

Senje Anjeline 19:37
Marekani hawaulizi homa ya manjano.

Khotsa Makokha 19:41
Na si mahakama ilisimamisha ile amri ya chanjo ya Waziri Kagwe Jumanne? Mimi nilidhani mambo ya vyeti yamekwisha.

Mama Zawadi 19:42
Khotsa, hiyo ni ya kuhudumiwa kwenye ofisi za serikali hapa Kenya. Jaji wa Nairobi hawezi kunipandisha ndege.

Mama Zawadi 19:50
Sasa kila mtu aingie tovuti ya Chanjo ya wizara, aweke namba ya kitambulisho, atoe cheti, anitumie. Usiku huu. Nitachapisha vyote kesho hapa Migosi, Kisumu, nakala tatu tatu.

Brenda 20:26
Wangu huu hapa

Baba Zawadi 20:31
Wangu umeingia. Nakuru mvua inanyesha vibaya, mtandao unakuja ukienda.

Kukhu (Nyanya) 20:58
Shikamoo Mama Zawadi. Ni Brian naandika kwa simu ya Kukhu. Tumeingia tukaona cheti lakini kinasema sindano moja. Na jina wameandika Nafuna.

Mama Zawadi 20:58
NINI

Mama Zawadi 20:59
Brian piga picha utume.

Kukhu 21:03
📷 Picha

Brenda 21:05
Wueh. Nafuna kweli. Pasipoti ni Nafula.

Mama Zawadi 21:06
Na sindano ya pili alidungwa tarehe 27 Novemba, mimi nikiwa nimeshika mkoba wake! Niliona kwa macho yangu!

Kukhu 21:09
🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

Brenda 21:12
Kwa wasioweza kusikiliza: Mama anasema yule kijana alimdunga vizuri ila hakuwa anaandika kwa kompyuta, aliandika kwa daftari kubwa akasema ataingiza jioni. Pia anasema jina lake alipewa na nyanyake na yeye hajawahi kuitwa Nafuna. Pia kuku wawili wamekufa.

Senje Anjeline 21:15
Ni hiyo "nitaingiza jioni". Siku ile watu walikuwa mamia, jioni haikufika. Msihangaike na mtandao. Ile kadi ngumu aliyopewa anayo?

Kukhu 21:18
Iko ndani ya Biblia

Senje Anjeline 21:19
Basi kesho asubuhi arudi palepale alipodungwa, na kadi, kitambulisho na pasipoti. Wafungue lile daftari la tarehe 27, waingize sindano ya pili na warekebishe jina. Wenye uwezo wa kurekebisha ni wao, si sisi. Na asiondoke mpaka aone cheti kipya kwenye simu. Akiambiwa "nenda tutaingiza", aombe kiti akae.

Ijumaa, 17 Desemba

Brenda 11:47
Nimefika Butere. Tumekaa. Kompyuta iko, stima hakuna.

Brenda 13:30
Stima imerudi, mwenye nywila ameenda kula

Khotsa Makokha 13:34
Wakati mnangoja, mmesikia treni ya Kisumu imerudi leo? Baada ya miaka kumi hivi. Jumapili inatoka Kisumu kwenda Nairobi. Dada yangu angesafiri kwa heshima, akiangalia dirishani.

Mama Zawadi 13:36
Khotsa, tunasafiri Jumatano. Na porojo ni marufuku.

Brenda 15:52
IMETOKA!! Nafula, sindano mbili, 27/11. Siku 14 zilitimia tarehe 11. Mama amempa yule kijana ndizi mkungu mzima, na yeye ndiye aliyetukosea 🙄

Dan 16:10
Mungu ni mwema. Sasa pumzikeni.

Jumatatu, 20 Desemba

Dan 14:22
Dada uko? Umeona mambo ya Dubai?

Mama Zawadi 14:25
Mambo gani tena

Dan 14:26
Kuanzia leo abiria wanaotoka Nairobi hawapokelewi Dubai. Hata wa kupita tu kama nyinyi. Wanasema ni kwa saa 48, lakini mimi siiamini hiyo 48.

Mama Zawadi 14:26
Dan usinitanie

Baba Zawadi 14:31
Ni kweli, ajenti amenipigia sasa hivi. Chaguo ni mbili. Turudishiwe pesa tungoje, au tuongeze tuhamie ile ya moja kwa moja Nairobi hadi New York, halafu ndani kwa ndani hadi Minneapolis kwa Dan. Nafasi ziko Alhamisi usiku, tarehe 23, kabla ya saa sita.

Senje Anjeline 14:40
Msingoje. Harusi ni tarehe 8 Januari, mnaweza kufungiwa mlango wa pili pia. Mlango ulio wazi uingieni.

Mama Zawadi 14:44
Haya, 23. Baba Zawadi mwambie ajenti achukue.

Brenda 14:46
Samahani. 23 si ndiyo birthday ya Jabali?

Mama Zawadi 14:46
…

Baba Zawadi 15:10
Ajenti anasema akifika miwili hakaliwi mapajani tena. Kurudi tulishamlipia kiti, sasa na kwenda ni kiti. Na apimwe. Na ile fomu ya kiapo ya abiria, ajaziwe yake.

Dan 15:12
Kwa hivyo kwa siku moja tu mtoto amekuwa mtu mzima 😭

Mama Zawadi 15:13
Nani atacheka mbele yangu. Hicho kiti ni ada ya muhula mzima ya Zawadi.

Khotsa Makokha 15:30
Nimetuma 3,000 kwa M-Pesa. Ni kidogo. Ni ya kiti cha mjukuu.

Mama Zawadi 15:31
Khotsa… asante sana. Porojo umeruhusiwa.

Jumanne, 21 Desemba

Khotsa Makokha 08:15
Nimefanya hesabu. Ndege ni saa tano usiku Alhamisi. Siku moja ni saa 24. Kwa hivyo mkipimwa Kisumu Jumatano mchana, zinapita saa 24 kabla hamjapanda. Mtakuwa mmepoteza. Lazima mpimwe Nairobi Alhamisi asubuhi.

Mama Zawadi 08:19
Khotsa usiniue. Nimeshalipia maabara ya hapa kesho saa nane.

Dan 08:24
Khotsa hesabu yako ni sawa, ila wao hawahesabu saa, wanahesabu tarehe. Makusudi kabisa, ili watu wasikimbizane na saa. Ukiruka Alhamisi saa yoyote, kipimo cha Jumatano saa yoyote kinafaa. Hata kile cha haraka cha nusu saa kinakubalika, si lazima PCR.

Khotsa Makokha 08:33
Nimefundisha hisabati miaka 31 na sijawahi kuona siku ya saa 40.

Senje Anjeline 08:35
Sasa umeiona shemeji 😂

Senje Anjeline 08:38
Mama Zawadi, hakikisha maabara iko kwenye orodha ya wizara na matokeo yanatoka na namba ya TT, ile ya Trusted Travel. Karatasi yenye muhuri tu, ukifika kaunta, ni kama risiti ya sukari. Na kurudi Januari itakuwa PCR, Dan tafuta mahali huko mapema.

Dan 08:40
Nimeshaandika. Pia wakifika watapimwa tena siku ya tatu hadi ya tano. Nimenunua vipimo vya nyumbani.

Jumatano, 22 Desemba

Mama Zawadi 14:09
Tumeingia. Mama yuko mbele, amekataa kupitwa na mtu.

Zawadi 14:21
Kukhu amewekewa kijiti puani akamwambia muuguzi "mwanangu, humo ndani hakuna kitu, nilikwisha kupiga chafya asubuhi" 😂😂

Mama Zawadi 14:34
Jabali nimemkalia nikambana miguu kwa mapaja, Imani kashika mkono mmoja, Zawadi mwingine. Muuguzi anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu… Kafika tano mtoto kamng'ata glavu. Amepewa biskuti. Sasa anaangalia kile kijiti kama vile ni mali yake.

Mama Zawadi 15:20
Wote sita hasi 🙏🏾 Namba za TT ziko. Basi ni saa mbili na nusu usiku. Baba Zawadi, wewe vipi? Tutakukuta Nakuru stendi au unatangulia Nairobi?

Mama Zawadi 15:52
Baba Zawadi?

Baba Zawadi 16:05
Ngojeni kidogo.

Baba Zawadi 16:18
Nimerudia mara mbili. Chanya.

Brenda 16:19
Aki Shemeji 😢

Mama Zawadi 16:20
Hapana.

Baba Zawadi 16:24
Sina kitu, koo linawasha tu tangu jana, nilidhani ni vumbi. Nendeni. Sijawaona watoto wiki tatu, hamna langu lililowagusa. Mshukuruni Mungu kazi iliniweka huku.

Senje Anjeline 16:31
Sikilizeni, na wewe Baba Zawadi soma mara mbili. Hiyo karatasi ya chanya USIITUPE. Kaa ndani siku kumi. Ukishakuwa sawa, daktari akuandikie barua kwamba umepona na unaweza kusafiri. Karatasi hiyo na hiyo barua pamoja zinasimama mahali pa kipimo, kwa siku 90. Leo ni 22. Kumi zinaisha tarehe 1. Harusi ni 8.

Dan 16:33
Senje 😭😭😭 Shemeji mimi sianzi bila wewe

Baba Zawadi 16:37
Ajenti anasema tiketi inaweza kusogezwa hadi tarehe 4. Kuna faini. Nimemwambia asogeze.

Mama Zawadi 16:41
Unakula nini huko?

Baba Zawadi 16:42
Niko sawa.

Mama Zawadi 16:42
Nimeuliza unakula nini.

Baba Zawadi 16:44
Maziwa na mkate.

Senje Anjeline 16:46
Nina binamu huko Nakuru, Lanet, supu itafika mlangoni jioni. Itawekwa chini, itabishwa hodi, ataondoka. Usitoke kabla hajaondoka.

Kukhu 17:02
🎤 Ujumbe wa sauti (2:15)

Zawadi 17:06
Kukhu amemwombea Baba. Halafu ameuliza kama basi linaweza kusimama Nakuru amwone kwa dirisha tu.

Senje Anjeline 17:07
HAPANA.

Mama Zawadi 20:41
Tumeondoka Kisumu. Bahasha iko kifuani mwangu: pasipoti, vyeti, vipimo, fomu za kiapo sita. Mtu akitaka kuniibia aanze na mimi.

Khotsa Makokha 20:50
Safari njema. Mngekuwa ndani ya treni mngekuwa mmelala.

Zawadi 22:58
Kericho. Baridi. Kukhu amejifunika leso zote tatu.

Alhamisi, 23 Desemba

Baba Zawadi 00:03
Mko wapi?

Mama Zawadi 00:06
Salgaa. Malori ni mengi, tunatambaa. Mbona hujalala?

Baba Zawadi 00:07
Amefikisha miwili.

Mama Zawadi 00:09
Amelala mapajani mwangu, ameshika ile biskuti ya maabara hajaila. Leo usiku akae kwenye kiti chake cha pesa nyingi.

Baba Zawadi 00:34
Naliona basi kutoka dirishani, nadhani ni lenu. Lenye taa za buluu mbele?

Mama Zawadi 00:35
Ndilo. Wewe uko gorofa gani?

Baba Zawadi 00:35
Ya tatu. Nawasha na kuzima taa.

Mama Zawadi 00:36
Nimekuona. Mama naye amekuona. Zima sasa ulale.