Kamera ndogo ya familia kwa Sh 700,000: zumu ndefu au kihisi kikubwa?

BabaNeema_Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Mwezi wa Desemba tunavuka kwenda Ukerewe kumwona mama yangu, ambaye sasa ana miaka 81, na kabla ya kupanda meli ya Nansio tumewaahidi watoto siku moja ya kushinda kisiwani Saanane, hapa Mwanza. Nimetenga Sh 700,000 kwa ajili ya kamera ndogo ya kuingia mfukoni. Simu yangu ni ya kawaida tu, na imeniharibia picha ambazo hazitarudiwa tena, ikiwamo ile ya marehemu baba akiwa ameketi barazani wakati wa magharibi, ambayo uso wake hautambuliki hata nikiikuza.

Mpaka sasa nimeziona tatu: Sony W830, Canon PowerShot SX620 HS, na Sony RX100 ile ya kwanza ya mwaka 2012. Hizi mbili za mwisho ni za mtumba. Muuzaji ananieleza kwamba zote zina megapikseli 20, yaani vitone milioni 20 vya picha, kwa hiyo picha ni zilezile na nichukue ya bei ndogo. Je, ni kweli?

Mpigapicha_Kirumba

Megapikseli ni kweli zinakaribiana, ila hitimisho la muuzaji si sahihi. Picha ya kusafisha studio kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 inahitaji megapikseli 2 hivi, na hata ukurasa mzima wa A4 hauhitaji zaidi ya 9. Kwa hiyo zote tatu zina za kutosha na za kubaki, na hapo hakuna cha kushindanisha.

Kinachotofautisha ni kihisi, yaani kile kipande bapa kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Cha W830 na cha Canon kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6, wakati cha RX100 ni 13.2 kwa 8.8, ambalo ni eneo kubwa mara nne. Ukikinga maji ya mvua kwa beseni na jirani yako akakinga kwa bakuli, mvua ikiwa kubwa nyote mtapata ya kutosha, lakini yakiwa manyunyu, mwenye bakuli atalala na kiu. Vilevile lenzi ya RX100 hufunguka hadi f/1.8 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na kabla hujavuta zumu hupitisha mwanga karibu mara tatu ya ile ya Canon inayoanzia f/3.2. Picha ya mzee barazani wakati wa magharibi ni picha ya manyunyu.

MamaKulwa_Pasiansi

Kaka, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini mwenzetu amesema pia anakwenda Saanane na watoto, na huko beseni lako halitamsaidia sana. Mimi ninatumia hiyo Canon SX620 kwa mwaka wa pili sasa. Ina zumu ya mara 25 ndani ya mwili wa gramu 182, na nimeibeba kwenye mkoba pamoja na chupa za watoto bila kuihisi. Pale kisiwani kuna wale mijusi wa mawe, dume ana kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa bluu, nao hawakuruhusu ufike karibu. Nilisimama njiani, nikaegemeza viwiko juu ya jabali, nikamvuta mmoja mpaka magamba ya shingo yakahesabika. RX100 huvuta mara 3.6 tu, na mjusi huyo angetoka kama tone la rangi juu ya jiwe.

Jambo la pili ni waifai. Canon inayo, kwa hiyo jioni hiyohiyo picha zinaingia kwenye simu na ndugu walioko Dar es Salaam wanazipata. RX100 ya kwanza haina.

Nakiri hata hivyo kwamba kwenye mkesha wa Krismasi, ndani ya kanisa, picha zangu zilijaa chengachenga, na watoto waliotikisika kidogo walitoka na sura mbili.

Mwalimu_Igoma

Kuhusu W830 sina mengi. Juani inatoa rangi nzuri, zumu yake ya mara 8 inatosha kwa matumizi ya kawaida, lakini haina waifai na video zake ni za 720p, yaani si kali sana. Kwa mtu mwenye laki saba sioni sababu ya kuishia hapo.

Ninachotaka kumwonya Baba Neema ni hizi kamera zisizo na jina la maana, zilizoandikwa megapikseli 48 kwa herufi kubwa kwenye boksi. Nilimnunulia binti yangu moja, mpya kabisa, kwa ajili ya kipaimara chake. Nilipopeleka picha kusafishwa, nyusi na kope zilikuwa zimepakwa kama kwa brashi. Ilikuwa na kihisi kidogo kuliko cha simu, na programu yake ilitanua picha ili kufikisha hiyo hesabu. Zumu yake ilikuwa ya kidijitali tu, yaani inakata katikati ya picha na kuikuza. Nimebaki na majuto, kwa sababu siku ile haitarudi.

Fundi_Makoroboi

Kwa kuwa mbili kati ya hizo ni mtumba, Baba Neema, usilipe mpaka umefanya yafuatayo mbele ya muuzaji.

Iwashe na kuizima mara tano, uvute zumu hadi mwisho na kuirudisha huku umeisogeza sikioni, kwani lenzi iliyoingiwa na mchanga hukwaruza kabla haijakwama. Kisha elekeza kamera kwenye mbingu tupu, weka f/11 kwa hiyo RX100, piga, na uikuze picha. Ukiona madoa ya kijivu yaliyotulia mahali palepale katika kila picha, vumbi limeshafika kwenye kihisi, na kulitoa ni kufungua kamera nzima. Kamera hizi lenzi yake hutoka na kuingia kila unapoiwasha, na hapo ndipo vumbi linapopitia, jambo ninaloliona hasa kwa wanaozipeleka ufukweni.

Tazama pia ukungu, yaani kuvu anayeota ndani ya lenzi. Mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni, nao utaonekana kama nyuzi za buibui. Huku ziwani unyevu ni mwingi, kwa hiyo ukishanunua, ihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mpigapicha_Kirumba

Dada, hoja ya mijusi nimeikubali.

Naongeza moja, ambalo halitegemei kamera ipi itanunuliwa. Wengi wetu hupiga picha jioni pale Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, jua likizama nyuma ya ghuba, na nyuso zetu hutoka nyeusi tii kwa sababu kamera inapimia anga. Washa flashi kwa mkono, usiiachie kamera iamue, simama hatua mbili au tatu kutoka kwa watu wako, na anga itabaki na wekundu wake huku nyuso zikionekana.

BabaNeema_Nyegezi

Nawashukuru nyote. Baada ya kusoma, nilikaa na simu nikapitia picha zote za safari ya mwaka jana, nikatenga zilizoharibika. Zilikuwa 41. Zilizoharibika kwa sababu mtu au kitu kilikuwa mbali zilikuwa 6. Zilizobaki zote ni za ndani ya nyumba ya mama, taa ikiwa moja, au za uani baada ya jua kuzama, wakati ambao ndipo sote tunakuwa tumekusanyika.

Kwa hiyo nimechukua RX100. Niliijaribu dukani kama Fundi alivyoelekeza, na mbingu ilitoka safi bila doa. Jana usiku nilimpiga Neema akisoma kando ya taa, bila flashi, na nywele za pembeni ya paji lake zinaonekana mojamoja. Mijusi tutawatazama kwa macho.

Dada MamaKulwa, naomba unijulishe kamba ya mkononi ya kamera yako uliipata wapi, maana ya kwangu haikuja nayo na nitakuwa nimesimama pembeni ya meli.