Mada: Nimealikwa kula doriani Jumamosi

Kutoka: Msukuma wa KL

Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi.

Nina miezi minne hapa Kuala Lumpur. Wenzangu wa kazini wamenialika Jumamosi usiku twende SS2 kule Petaling Jaya tukale doriani, hili tunda lao la kigeni, wanasema msimu ndio huu. Juzi nilipita karibu na kibanda kimoja nikadhani gesi inavuja mahali penye gunia la vitunguu vilivyooza. Mimi ni mtu wa Mwanza, nimelelewa kwenye dagaa wa kuanikwa, lakini ile harufu ilinigeuza njia. Sitaki kuwavunjia wenyeji heshima, wala sitaki kutapika mbele za watu. Mliokula, nisaidieni.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Jang'ombe, Singapore

Marahaba mwanangu. Kwanza usiliite tunda la kigeni, kwetu Unguja lipo toka zamani, na hata huko wapo wasioweza kukaa nalo chumba kimoja. Marehemu babu akija nalo, bibi alikuwa akimfungulia mlango wa uani.

Likuleni hapo hapo kibandani, nje penye upepo. Usiende ukaonja na kukimbia. Kaa kidogo, pua itazoea. Muuzaji atauliza *manis* au *pahit*, yaani tamu au chungu. Wewe sema *manis*. Hao Musang King, aina ya doriani inayosifiwa, wana uchungu kwa mbali, wenyewe wanaupenda, mgeni humshtua. Na bei ulizeni kabla halijapasuliwa! Linapimwa kwa kilo pamoja na ganda, na ganda ni zito kuliko nyama utakayokula.

Mkimaliza utawaona wanatia maji ndani ya ganda tupu na kunawia humo, eti huondoa harufu. Mimi nimejaribu: mikono hupata nafuu, pumzi hapana. Watakupa na mangostini, kwa kuwa wanaamini doriani hupasha mwili joto na mangostini hulipoza. Amini usiamini, kula, ni tamu.

La kubeba nyumbani lisahau. Hapa Singapore haliruhusiwi kwenye treni za MRT, mabango yamebandikwa, na hoteli nyingi hazilitaki. Mimi nililifunga mifuko mitatu nikapanda teksi. Dereva hakusema neno, alisimama tu pembeni akafungua mlango wangu. Nilitembea na mzigo wangu jua la saa nane.

Kutoka: Mdigo wa Muheza, Penang

Bi Mkubwa kamaliza, mimi naongeza friji. Kama unaishi nyumba ya kuchangia, USILIWEKE humo hata kwenye kopo lenye kifuniko. Nililiweka usiku mmoja, asubuhi maziwa na siagi vyote vilikuwa doriani. Tulikaa wiki nzima tunasalimiana kwa kichwa.

Na kama unakunywa bia, usiku huo iache. Wenyeji wanakataza tangu enzi, na mwaka 2009 watafiti wa Tsukuba, Japani, walionyesha maabara kwamba vitu vyenye salfa vilivyomo kwenye doriani huzuia kimeng'enya kinachousaidia mwili kuondoa sumu ya pombe.

Likikushinda kabisa, ulizia *cempedak goreng*. Cempedak ni kama fenesi lililodumaa, wanalichovya kwenye unga na kulikaanga. Aliyekulia Muheza hawezi kushindwa hapo. Shokishoki nazo zimejaa, wao wanaita rambutan.

Kutoka: Msukuma wa KL

Wakubwa, nimerudi salama. Kipande cha kwanza nilikimeza kama klorokwini. Cha pili nikaanza kusikia kitu kingine: kastadi nzito, ndani yake kama kuna kitunguu cha kukaanga. Sijui niseme ni kitamu. Ila cha tatu nilikichukua mwenyewe bila kukaribishwa, na wale wenzangu wakapiga makofi meza nzima, hadi wauzaji wakageuka.

Bei niliuliza kabla. Asante Bi Mkubwa.

Shida sasa ni shati. Nimelifua mara mbili, leo Jumatatu jirani amegonga kuuliza kama nimesahau kufunga gesi.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Jang'ombe, Singapore

Lianike nje siku mbili, na usilitie manukato. Utaharibu manukato.