Ushauri: Nampeleka mama kliniki, Newala hadi Dar, na kila stendi ina utaratibu wake wa korona

Binti_Newala – 4 Agosti 2021
Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu ana miaka 68, ana presha na sukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Kliniki yake Dar ni tarehe 25 Agosti. Tarehe 23 tunashuka Mtwara mjini kwa Coaster, tunalala kwa ndugu, kesho yake alfajiri tunapanda basi. Kurudi tutapitia Nachingwea, kuna arobaini ya shemeji yake. Tatizo ni hili: stendi moja kuna ndoo, sabuni na konda anadai barakoa, nyingine hakuna kitu, ukivaa unaangaliwa kama wewe ndiye mgonjwa. Nijipange vipi? Majirani wanasema nyungu (kujifukiza mvuke) inatosha.

Nesi_wa_Zamu
Dada, anza na chanjo, barakoa baadaye. Iliyoingia nchini ni Janssen, sindano moja tu. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa ya kudumu, kwa hiyo mama anaingia kwa milango miwili. Kinga huchukua kama siku 14 kujengeka. Akichanjwa kufikia Jumatatu tarehe 9, siku ya safari ndiyo anazitimiza. Mkingoja hadi tarehe 21 atasafiri na mkono unaouma na pengine homa, kinga bado, na nyinyi mtashindwa kujua kama homa ni ya sindano au ya ugonjwa. Ulizeni hospitali ya wilaya wanachanja siku gani, au pigeni 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Nyungu haiui kirusi kilichokwisha kuingia mwilini. Kwa mama yako ina hatari zaidi: mwenye sukari ya muda mrefu huweza kupoteza hisia miguuni, sufuria ikamuunguza asijue mpaka aone lengelenge. Kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari unakijua.

Kusini_Express
Kwa nini msipande ndege? Mtwara–Dar ni kama saa moja tu.

Binti_Newala
Mfuko hauruhusu mkuu 😅

Siti_ya_Dirishani
Basi ni kilomita zaidi ya 550, mtashinda humo mchana kutwa. Hatari yenyewe iko kwenye hewa inayovutwa na watu wote kwa muda mrefu, kushika bomba la siti ni jambo dogo. Kwa hiyo usichague basi kwa uzuri. Luksari ya kiyoyozi yenye vioo visivyofunguka huzungusha hewa ileile. Basi la kawaida lenye vioo vya kusukuma ni salama zaidi, vumbi mtavumilia.

Kateni tiketi mapema mchague siti mbili za pamoja, mama dirishani, wewe upande wa njia. Dirisha moja halitoshi. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, kwa hiyo muombe pia wa upande wa pili afungue hata upana wa viganja viwili. Mvua ikinyesha watu hufunga vyote, hapo ndipo barakoa isishuke kabisa. Na muulize wakala kabla ya kulipa kama ni level siti kweli, maana wengine huanza hivyo na kufika Mingoyo njia imejaa waliosimama.

Mkisimama kula, Nangurukuru au kwingine, chukueni chakula mkalie nje. Ndani ya hoteli watu wa mabasi matatu wanakula na kuongea bila barakoa kwa mkupuo mmoja.

Mfamasia_Masasi
Naongezea ya begi la mkononi.

Barakoa: kama wengine hawavai, ya kitambaa haitamsaidia sana mama. Mtafutie N95, yenye mikanda miwili inayopita nyuma ya kichwa. Abane waya wa puani kwa vidole vya mikono miwili, kisha apumue kwa nguvu. Akisikia upepo machoni au miwani ikiingia ukungu, haijakaa. Mkikosa, chukueni za upasuaji, nne kwa kila mtu kwa siku ya basi, kwa sababu joto la huku huzilowesha na iliyolowa haichuji vizuri. Safi ziwe kwenye bahasha ya karatasi, chafu kwenye mfuko wa nailoni.

Kitakasa mikono: alkoholi asilimia 60 au zaidi, soma lebo. Konyagi ni 35, kwa hiyo iacheni ifanye kazi yake nyingine.

Insulini: isiende kwenye buti wala isiguse barafu, ikiganda imekufa. Chupa iliyofunguliwa hukaa nje ya friji hadi siku 28 joto lisipozidi nyuzi 30, hivyo ifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya kikapu, mbali na jua. Asijichome kwa matumaini kwamba basi litasimama kula nusu saa ijayo. Akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, sukari imeshuka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15. Kosa ninaloliona sana ni wazee kuacha kunywa maji ili wasivue barakoa wala kutafuta choo. Ashushe, anywe, apandishe.

Mkorosho_Mkubwa
Hapo arobaini ndipo penye kazi kuliko basi, maana ni ndugu. Mama akae nje chini ya mti, asilale chumba cha watu wanane, na apakuliwe sahani yake badala ya sinia la pamoja. Mkono akiukataa watanuna, basi aweke kiganja kifuani na kusema "daktari kanikataza". Hakuna atakayebishana na daktari wa mtu mwingine. Kwa njia, kutoka Dar mnakunja Mingoyo, halafu Nanganga kwenda Nachingwea, na kurudi Newala mnapitia Masasi. Hakuna haja ya kugusa Mtwara tena, mmepunguza stendi moja.

Binti_Newala
Ahsanteni sana. Nina kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Nitumie lini? Na mama kapaka piko.

Nesi_wa_Zamu
Mpime leo akiwa mzima, uandike namba yake ya kawaida. Mkirudi, mara mbili kwa siku kwa siku 14. Dalili nyingi hujitokeza siku ya tano au ya sita. Akae, mkono uwe wa joto na utulie, subiri dakika nzima kabla ya kusoma. Ikisoma chini ya 94 mara mbili mfululizo, hospitali, hata kama anasema hajambo. Piko nyeusi huzuia mwanga na kukupa namba ya uongo, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa. Vyote vimepakwa?

Binti_Newala
Gumba la kushoto limesalimika.

Nesi_wa_Zamu
Tumia hilohilo kila siku, usibadilishe.