Tupeane uzoefu: Honda CG125 za zamani na ndugu zake wa Kichina, kwenye ukaguzi zinaangushwa na nini?

Mlali_Moro

Habari za jioni wakuu. Naomba tukusanye uzoefu wa hizi CG125, iwe Honda yenyewe au zile za Kichina zenye injini ya aina hiyo hiyo. Swali la "inadumu?" naona limeshajibiwa na barabara, mana Honda walianza kuitoa 1976 na mpaka leo bado unakutana nazo zinatembea. Mi nataka tuongelee ukaguzi, yaani ukiipeleka kwa trafiki au popote inapokaguliwa wanakurudisha kwa kitu gani. Taja uko wapi, mashine yako ni ipi, na ilikwama kwenye nini.

Naanza mwenyewe. Nipo Morogoro, nina CG ya Kijapani, ile ya zamani yenye breki za dramu mbele na nyuma na cheni imefunikwa kote na boksi lake la bati, baba mdogo ndo aliniachia alipohamia Dodoma. Naendea nayo shamba huko Mlali, barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Injini haijawahi kunilaza njiani. Ila nlipoenda kuomba stika ya ukaguzi, askari hakusogelea hata injini, alishika usukani akaukata kushoto na kulia taratibu afu akaniambia shingo (bering za usukani) imekwisha, nenda ukarudi. Na taa kubwa nayo akasema hafifu. Vitu hivyo viwili tu. Honi, indiketa, breki, tairi vyote alivipitisha.

Toka hapo nimekua nikiuliza wenye mashine kama hii na karibu wote wanataja vitu vile vile, injini hakuna anayeitaja. Ndo mana nikaona tuweke hapa ili anayetaka kununua ajue aangalie wapi.

Fundi_Vwawa

Mkuu umegusa penyewe. Mi ni fundi, gereji yangu ipo Songwe huku mpakani kabisa na hizi mashine nazifungua kila siku.

Kwanza niseme kwanini injini yake ni ngumu. Hizi hazina cheni ya taiming inayopanda juu kama pikipiki nyingi. Kemshafti iko chini afu kuna vile vifimbo viwili, pushirodi, vinavyopanda kusukuma valvu. Kwaiyo hakuna cheni ya kulegea wala tenshena ya kufa, na mtu akikaa muda mrefu bila sevisi inavumilia. Honda waliichora ivo makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu ambako mtu anaendesha mpaka igome ndo anakumbuka fundi. Lile boksi la cheni nalo lilikua na kazi hiyo hiyo, vumbi lisile cheni.

Ila kuvumilia kuna mwisho. Tapeti zake, yaani ule mwanya wa valvu, ni 0.08 mm, zote mbili, ingiza na toa, na unapima injini ikiwa imepoa. Wengi wanakuja hapa zinagonga kama cherehani wanasema "ndo mlio wake". Hapana, CG iliyopimwa vizuri inalia ila haigongi. Kitu kingine haina filta ya karatasi ya oili, ina chujio la wavu chini na lile sahani linalozunguka upande wa klachi linakusanya uchafu. Oili yake haifiki hata lita moja na nusu, ni kidogo, inachoka haraka, kwaiyo imwage mapema na ule wavu uutoe uuoshe na petroli. Nimeutoa kwenye mashine za watu ukiwa umeziba na vipande vya gasketi silikoni, fundi aliyepita alipaka nyingi kama anajenga ukuta.

Kwa wenye za Kichina angalieni namba iliyogongwa kwenye injini. Ukikuta 156FMI hiyo ni ya 125, 162FMJ ni ya 150. Namba hizo mbili za 56 na 62 ndo upana wa silinda kwa milimita, ukienda dukani kutafuta pistoni au ringi taja hiyo namba usitaje rangi ya pikipiki.

Turudi kwenye ukaguzi. Kwenye gereji yangu wanaorudishwa na trafiki wanakuja na vitu hivi: shingo, taa ya nyuma haiwaki ukikanyaga breki, tairi kipara, ekzosi imetoboka inapiga kelele. Injini sikumbuki kuletewa.

Coventry_Mgosi

Wakuu mi nachangia nikiwa Uingereza, nipo Coventry, na CG125 ndo pikipiki yangu ya kwanza huku. Huku ukishapata ile cheti cha mafunzo ya awali, CBT, unaruhusiwa kuendesha hadi cc 125 ukiwa na vibao vya L, ndo mana CG zilijaa kwa wanaojifunza na wasambaza mizigo. Walisitisha kuziuza huku 2008 ikaja CBF125. Za mwisho mwisho zilikua na diski mbele na selfu, za zamani ni kiki tu.

Huku ukaguzi unaitwa MOT. Pikipiki ikifika miaka 3 inaanza kukaguliwa na baada ya hapo kila mwaka. Ikizidi miaka 40 na haijabadilishwa sana haidaiwi tena, kwaiyo zile CG za mwanzo kabisa zimeshatoka kwenye ukaguzi ingawa barabarani bado unatakiwa iwe salama.

Jambo ninalotaka mlijue, na nadhani lingesaidia sana na nyumbani, ni kwamba matokeo ya MOT yako wazi. Unaingia kwenye tovuti ya serikali unaandika namba ya pikipiki inakuletea kila ukaguzi toka 2005, ilipita au ilifeli, kwa sababu gani, na ilikua na maili ngapi siku hiyo. Kabla sijanunua yangu nlikaa usiku kucha natazama namba za CG zilizokua zinauzwa. Na kweli kabisa anachosema mwenye mada, injini huikuti pale. Unakuta taa ya mbele haielekei panapotakiwa, bushi za mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) zimelegea, bering ya gurudumu la nyuma, sili za shokapu za mbele zinavuja, tairi. Kwa tairi wao wanataka kashata, yaani kina cha michoro ya tairi, isipungue milimita 1 kwenye robo tatu ya upana. Basi mwaka mmoja imefeli taa, mwaka unaofuata imepita ila wameandika ushauri kwamba bushi zinaanza, mwaka wa tatu bushi zimefeli. Unaisoma historia ya mashine na tabia ya mwenye mashine hapo hapo. Aliyeandikiwa ushauri ule ule miaka mitatu mfululizo bila kutengeneza, huyo usinunue kwake, mi nlipita.

Kitu kingine, mpimaji hafungui chochote. Anatazama, anatikisa, anapima breki. Anainua gurudumu la nyuma anaivuta kushoto kulia kwa mikono miwili kusikia kama mkono wa nyuma unacheza. Hiyo ya kutikisa unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, huhitaji mashine yoyote.

Adui wa CG huku ni chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi ili barafu isigande. Inakula ekzosi, inakula rimu, inakula bolti. Yangu ekzosi ilitoboka kwa chini pale maji yanapotuama, juu inang'aa kabisa.

Bi_Makunduchi

Asalaam alaykum. Kaka wa Coventry umenikumbusha, sisi huku Unguja chumvi hatumwagiwi, inakuja na upepo wenyewe. Mimi ni mwalimu, nakaa kusini, honda yangu naipaki uani mita chache kutoka pwani. Ni CG ya Kijapani ya zamani sana, ile ya umeme wa volti 6.

Injini alhamdulillah. Lakini spoki! Zinashika kutu pale zinapoingia kwenye hubu, huoni mpaka moja ikatike, na ikikatika moja jirani zake zinafuata kwa sababu uzito umewahamia. Fundi wangu alinifundisha nipitishe kijiti kwenye spoki zote gurudumu likizunguka nisikilize, inayolia tofauti imelegea au imeoza. Nafanya hivyo kila nikiiosha. Na naiosha kwa maji ya kisima kila wiki, halafu napaka oili chafu kwa kitambaa chini ya madigadi na kwenye ekzosi ikiwa imepoa.

Taa ya volti 6 ndiyo iliyonisumbua kwenye ukaguzi kama mwenye mada. Ukiwa umesimama inawaka ya njano kabisa, ukivuta mafuta inang'aa. Askari aliiangalia ikiwa imesimama. Naomba mafundi mtuambie, inabadilishwa kwenda volti 12 au tuiache?

kahama_boda

mi nina ya kichina ya 150 iyo 162FMJ, nipo kijiweni kahama. nakubaliana injini ni chuma ila jamani fremu za hizi za kichina si sawa na honda, tusidanganyane. yangu ilipasuka chini ya tangi pale shingo inapoungana na bomba la juu, nilianza kuona rangi imepasuka kamstari kadogo kama unywele nikadhani ni mkwaruzo tu ila nikifuta vumbi kamstari kanarudi na kutu ndani yake. fundi wa welding akaongeza kipande cha bati nene pande zote mbili na mpaka leo iko poa. ila nasema hivi, mzigo wa magunia mawili ya mpunga na mtu juu yake hakuna fremu ya 150 inayohimili, na abiria wetu wanapanda hapo na watoto mgongoni. kwa hiyo anayenunua used avue tangi. ni bolti moja tu nyuma na mpira wa petroli. muuzaji akikataa tangi lisivuliwe ondoka.

na cheni ya wazi nayo, huku vumbi la machimbo linaikata haraka sana, honda na boksi lake wapo mbali

Kitale_rider

Mambo wadau, mimi niko Kitale na niko na moja ya hizi za Kichina pia. Polisi wa huku akikusimamisha ataangalia helmeti, reflekta, bima, leseni, halafu taa za nyuma. Na hapo ndio wengi hushikwa. Waya za taa ya nyuma zinapita chini ya kiti, kiti kikiwa kimechoka kinazibana mpaka plastiki inatoka. Mimi nilizitoa nikazivalisha kipande cha paipu ya maji nikazifunga kando ya fremu. Kazi ya nusu saa na taa ya breki haijazima tena.

Fundi_Vwawa

Bi Makunduchi, kubadilisha kwenda 12 inawezekana ila si kubadili balbu na betri tu, unagusa koili za chaji, rektifaya, balbu zote, honi na flasha ya indiketa. Kama mashine ni ya zamani na koili zake nzima mi nakushauri anza na vitu rahisi: safisha earthi ya taa, kiini cha swichi ya taa, na kioo cha ndani kinachorudisha mwanga mana kwenye hizi za zamani kimeshakua cheusi. Nimeona taa ikiongezeka mwanga mara nyingi kwa kusafisha waya mmoja wa earthi uliokua na kutu. Kwako na chumvi ile ningeanzia hapo kabisa. Ikishindikana ndo tuongelee volti 12. Ukiwa mbele ya askari mwambie unavuta mafuta kidogo aione, taa ya hizi inakula moja kwa moja kutoka kwenye koili ndo mana inafuata injini.

Na breki, naona watu hawajaitaja. Kwenye dramu za Honda kuna kamshale kwenye mkono wa breki na alama kwenye sahani. Kanyaga breki uangalie, mshale ukifika kwenye alama breki shuu zimekwisha, hata kama bado inashika. Watu wanakaza nati tu mpaka mwisho wa nyuzi.

Kahama_boda hiyo ya kuvua tangi nakuunga mkono asilimia zote.

Mlali_Moro

Asanteni sana wakuu, dada wa Makunduchi shukrani, hiyo ya kijiti nimeifanya jana nimekuta spoki mbili za nyuma zimelegea na sikua nahisi chochote nikiendesha.

Kwa anayeuliza inbox kuhusu shingo: weka stendi kubwa, mtu akandamize nyuma gurudumu la mbele liinuke, geuza usukani kwa vidole viwili tu. Kama unapita katikati unahisi kama umenasa kwenye kishimo, bering zimechimba njia, kukaza hakutasaidia, badilisha zote juu na chini. Yangu nimeshabadilisha na stika nimepata.

Nimebakiwa na breki za mbele, mshale umefika kwenye alama kama fundi alivyosema. Aliyepata breki shuu orijino za dramu ya mbele kwa hapa Moro au Dar aniambie duka, mana nilizoonyeshwa mjini zote lainingi inabanduka ukiikwangua kwa ukucha.