Nyumba Nyali ina nyota tano tupu. Niamini?

Bint_Kisauni: Assalam aleikum jamaa. Harusi ya kakangu ni wiki ijayo, bi harusi ni wa Tanga na kwao wanakuja kumi na wawili. Nimeona nyumba Nyali mtandaoni, maoni 38, yote nyota tano. Nyinyi mwayapimaje maoni haya? Sitaki kuaibika mbele ya wakwe.

MamaTumu: Waleikum salam mwanangu. Zama zetu wageni wa harusi walitandikiwa magodoro kwa majirani, na hakuna aliyehesabu nyota.

Dere_Likoni: Mimi nilipeleka Wajerumani Diani, hoteli imesifiwa hadi basi. Kufika, bwawa kavu, ndani amelala paka. Tena siku hiyo ferri ilitukalisha saa nzima.

Bint_Kisauni: Pole kaka, na swali langu je?

KobeMkongwe: Inategemea umesoma wapi. Kwenye Booking.com huandika maoni aliyeweka nafasi kupitia kwao. TripAdvisor haidai risiti. Mwaka 2017 Mwingereza Oobah Butler alikipandisha kibanda cha bustani alikoishi hadi kikawa mkahawa nambari moja London, kabla hakijapika hata chapati. Kwenye picha, baadhi ya "vyakula" vilikuwa povu la kunyolea ndevu! Mimi huanza na nyota tatu. Aliyelala Mombasa kweli hakosi la kunung'unikia: maji ya chumvi bafuni, mbu, feni inayolia. Hebu bandika moja tuone.

Bint_Kisauni: "Kila jioni tulikaa roshani tukitazama jua likizama baharini. Peponi!"

ChunguChaTatu: Nyali? Jua lizame baharini? Bahari iko mashariki, jua linachwea huko Changamwe!

Dere_Likoni: Dada, Kisauni hadi Nyali si tuktuk tu? Nenda ukaione.

Bint_Kisauni: Mwenyewe asema kuna wageni ndani.

MamaTumu: Umeshalipa?

Bint_Kisauni: Mama, mbona waniuliza hivyo?

MamaTumu: Umelipa ngapi?

Bint_Kisauni: Nusu. Elfu thelathini, M-Pesa, kwa namba yake. Kupitia mtandao kuna makato. Na ni mtu wa heshima, hunijibu hata usiku. Tatizo pesa ni za mchango wa harusi.

ChunguChaTatu: Mimi huyu simwamini. Akaunti ni ya juzi, na anachotaka kujua ni tunavyoyanasa maoni ya uongo. Huyu ndiye mwenye nyumba! Kesho mtasoma: "Maji yana chumvi kidogo, lakini tuliona jua likichomoza."

Dere_Likoni: Na mbu wawili watatu, tuamini 😂

Bint_Kisauni: Wallahi si mimi! Ngojeni niwabandikie ujumbe wa M-Pesa.

KobeMkongwe: Usibandike, una jina na namba za watu.

MamaTumu: Muacheni mtoto wa watu. Uko wapi saa hii?

Bint_Kisauni: Kwenye tuktuk, Kongowea. Foleni haisongi.

MamaTumu: Ukikuta hakuna nyumba, njoo kwangu Majengo. Magodoro ninayo manne.

ChunguChaTatu: Na roshani yaangalia wapi, Mama?