Gemu la vita limeharibiwa na apdeti, bunduki zinayumba hata ukiwa umelala, halafu wanauita uhalisia

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Lile gemu la Vita Kuu ya Kwanza tunalocheza kwenye mabanda hapa Tabora limeharibika kabisa tangu apdeti iingie. Watengenezaji wanajisifu kwamba wameongeza uhalisia wa silaha. Uhalisia gani?

Chukua Gewehr 98, ile bunduki ndefu ya askari wa Kijerumani. Umelala kifudifudi, mtutu uko juu ya gunia la mchanga, hujakimbia wala hujajeruhiwa. Bado alama ya kulengea inazunguka skrini nzima kama mkono wa mtu mwenye homa! Kinachoyumbisha bunduki ni pumzi, mapigo ya moyo na misuli iliyochoka. Umetoka mbio ukasimama wima ukalenga? Sawa, iyumbe, tena sana. Lakini ukilala na bunduki ikapata egemeo, zile kilo 4 na ushee zinabebwa na ardhi. Waliopita mafunzo ya JKT kambi ya Msange wakalenga shabaha wanajua: shusha pumzi, bana kitako begani, vuta taratibu. Kwenye gemu ufanye yote hayo, hakuna kinachobadilika.

Teke la bunduki ukifyatua nalo ndiyo balaa. Mtutu unainuka kwa sababu umekaa juu ya sehemu ambayo kitako kinagusa bega, na kishindo kikubwa unakisikia risasi ikiwa imeshatoka. Adhabu yake ni kupoteza shabaha, ukoki, ulenge upya. Inatosha. Wao wameifanya hata risasi ya kwanza iende pembeni ya pale ulipolenga. Huo ni wizi, siyo teke.

Wakati huohuo mwenye MP18, rashasha ndogo ya Wajerumani iliyofika vitani mwaka 1918 vita ikielekea ukingoni, anakimbia huku anamimina risasi na mtutu umetulia tuli. Mnaona upendeleo huo?

Kama kweli mnataka uhalisia, udhaifu wa kweli upo tele. Vita ile ilipigwa hapahapa kwetu, Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 19, 1916. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walianza vita na Mauser za muundo wa 1871: risasi moja, unajaza tena, na baruti yake inatoa moshi mzito unaomwonyesha adui ulipo. Hicho ndicho kilichowatesa. Tupeni moshi, tupeni kujaza kwa shida, tutapambana navyo. Msitutetemeshe mikono kwa nguvu.

Watu wanalipia saa zao kwa hela ya jasho halafu zinaishia kwenye upuuzi huu. Warudishe mipangilio ya zamani kwa aliyelala na aliyeegemeza silaha, na risasi ya kwanza iende ilikolengwa. Walioko Kigoma na kwingine, kama kwenu ni hivihivi andikeni hapa mnatumia silaha gani na mlikuwa mmekaaje, tuwatumie malalamiko yote kwa mkupuo.