Mstari wa nm 486 unanipa nyekundu hasi

Wakuu, nachora spektra ya hidrojeni (mistari ya rangi ya mwanga wake, kwa urefu wa wimbi katika nanomita, nm) kwenye programu ya hesabu ya Mathematica. Natoa XYZ (namba tatu za rangi jinsi jicho linavyoiona) kwenye jedwali la kimataifa la CIE 1931, nazidisha kwa matriksi ya sRGB (mfumo wa rangi wa skrini) kupata R, G na B, yaani nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nm 486, R inatoka hasi. Kwa nini?

— Hesabu ni sahihi. Rangi ya wimbi moja iko nje ya pembetatu ya sRGB (eneo la rangi zake kwenye mchoro wa rangi), skrini haiwezi kuitoa. Hata nm 656, tazama G: nayo ni hasi. Tafadhali usiikate tu iwe 0, rangi itahama. Ongeza kiasi kilekile kwa R, G na B hadi iliyo ndogo kabisa ifike 0. Gama (marekebisho ya mwangaza kwa ajili ya skrini) ije mwisho.

— Kwa mchoro wa haraka, amri ya Mathematica ColorData["VisibleSpectrum"][486] inatosha.

— Nimeongeza, bluu-kijani imetulia. Asanteni sana!